Napia, Maziwa na Kahawa: Nyuzi Zinazoifunga Miji ya Thika na Ruiru na Vijiji Vyake

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Githunguri, katika kaunti ya Kiambu, foleni ya mikebe huwa imeshajipanga kando ya barabara. Karani hutumbukiza laktomita ndani ya maziwa. Ikizama kuliko kawaida, maziwa yametiwa maji. Kisha huchota kidogo akayachanganya na alkoholi kwa kiasi sawa. Yakifanya mabonge, yameanza kuchacha na hayapokelewi. Yaliyo safi hupimwa kwenye mizani mbele ya mwenyewe, kilo zikaandikwa, naye akarudi nyumbani na risiti mkononi.

Risiti hiyo ina kazi nyingi. Kwa kuwa ushirika unajua mkulima amepeleka kilo ngapi, unaweza kumpa gunia la lishe kwenye duka lake bila pesa taslimu, ukamtumia mhudumu wa uhimilishaji ng'ombe anapohitaji kupandishwa, na gharama zote zikakatwa kwenye malipo ya maziwa. Chama cha akiba na mikopo nacho huitazama rekodi hiyo hiyo mkulima anapoomba mkopo wa karo. Mtu mwenye ng'ombe wawili, asiye na hati miliki ya kuweka rehani, anakuwa mtu wa kukopesheka.

Ushirika wa wafugaji wa Githunguri ulianzishwa mwaka 1961 na wakulima 31. Serikali ilipolegeza soko la maziwa mwaka 1992, shirika la KCC, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa mnunuzi mkuu, liliyumba, na wafugaji wengi nchini wakakaa miezi wakisubiri malipo. Vyama kadhaa vilisambaratika. Githunguri waliamua kujijengea kiwanda, na mwaka 2004 wakaanza kusindika maziwa yao wenyewe kwa jina la Fresha. Leo wanachama ni maelfu, na pakiti zao zinauzwa madukani Nairobi, bega kwa bega na za Brookside, kampuni kubwa iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye kiwanda chake Ruiru.

Wataalamu wa uchumi wa maeneo huuita mpango wa namna hii mtandao wa ushirikiano. Watu na taasisi zilizo huru, kila moja na mali yake, hukubaliana kufanya kwa pamoja yale ambayo hakuna anayeyaweza peke yake. Mfugaji anabaki na ng'ombe wake. Kinachounganishwa ni lori, kipozaji, maabara, jina la biashara na nguvu ya kukaa mezani na mnunuzi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala ambayo bado inanukuliwa na wanaotafiti mitandao ya watu. Alionyesha kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu hawakuelekezwa na marafiki wa karibu. Walielekezwa na watu waliofahamiana nao kidogo tu. Sababu inaeleweka: jirani na ndugu wanajua yale yale unayoyajua wewe, lakini mtu wa mbali analeta habari ya kwingine. Ukiitumia hoja hiyo vijijini Gatundu, Gatanga na Githunguri, juu ya miji ya Thika na Ruiru, picha inajitokeza haraka. Mahusiano ya karibu ni tele. Kuna vyama vya kuzungushiana pesa, vikundi vya akina mama, jumuiya za kanisa, michango ya mazishi na hospitali. Hayo yameokoa familia nyingi. Kilicho adimu ni madaraja: uhusiano wa kudumu kati ya kikundi cha kijijini na kiwanda, mtafiti, benki, au mnunuzi wa mjini.

Madaraja hayo yanapaswa kujengwa Thika na Ruiru, kwa sababu vifaa vyote viko hapo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, imeifanya miji hiyo kuwa mlango wa Nairobi. Thika ina viwanda vya nanasi, mafuta ya kupikia, nguo na njugu za makadamia, pamoja na kinu cha kukobolea kahawa. Ruiru ina kiwanda cha maziwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa kahawa. Umbali mfupi kuelekea milimani kuna mashamba ya ekari moja au mbili yenye chai, kahawa, parachichi, ndizi na ng'ombe. Hata hivyo ukaribu wa kilomita hauleti ukaribu wa biashara. Ndizi ya Gatanga inaweza kupita mikononi mwa madalali kadhaa kabla ya kufika soko la Madaraka mjini Thika, na kila mkono unachukua chake.

Kahawa inaonyesha jinsi mtandao unavyoweza kuwepo kwenye karatasi na bado ukamwangusha mkulima. Wakati wa ukoloni Waafrika wengi wa eneo la Kati walizuiwa kupanda zao hili. Mlango ulifunguliwa kwa upana na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na wakulima wadogo wakapangwa kwenye vyama vya ushirika. Zao likapanda hadi karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Mwezi Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko kwa viwango uliporomoka, bei ikaanguka, na katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikivuna chini ya nusu ya kiasi kile.

Bei ya dunia ilichangia sana, lakini namna malipo yalivyopangwa ilichangia pia. Mkulima hupeleka matunda mekundu kwenye kiwanda cha chama chake. Huko humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa kwenye vitanda. Kahawa ya ganda husafirishwa hadi kinuni kukobolewa, hupangwa kwa madaraja, kisha huuzwa kwenye mnada wa Nairobi. Kilo sita hadi saba za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Kwa hiyo mkulima aliyepeleka kilo 700 anasubiri miezi kuambiwa kwamba zimebaki kama 100, za daraja fulani, zikauzwa kwa bei fulani, na kwamba kinu, usafiri, wakala na chama vimeshakata gharama zao. Hakuona mizani ya kinuni wala hakuwepo mnadani. Muungano wa KPCU, ulioanzishwa mwaka 1937 na uliokuwa nguzo ya ukoboaji na mauzo, uliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2009 kwa sababu ya madeni.

Linganisha na yule mfugaji wa alfajiri. Yeye anaona kipimo kikifanyika mbele yake, anajua kilo zake siku hiyo hiyo, na malipo yana tarehe. Tofauti ya vyama hivi viwili haiko katika bidii ya wakulima, maana mara nyingi ni familia zile zile: ng'ombe nyuma ya nyumba, kahawa mbele. Iko katika umbali kati ya jasho na hesabu. Mtandao wa kilimo huishi pale mwanachama anapoweza kuhakiki kipimo mwenyewe na kulipwa kabla uvumilivu haujakwisha. Asipolipwa, huuza kwa dalali wa pembeni kwa pesa taslimu, chama kikakosa mzigo, gharama kwa kila kilo zikapanda, na malipo ya waliobaki yakazidi kushuka.

Marekebisho ya karibuni yanagusa donda hilo hasa. Serikali ilianzisha mfuko wa shilingi bilioni 3 wa kuwapa wakulima malipo ya awali kwa matunda waliyoyapeleka, chini ya New KPCU, shirika lililorithi KPCU. Mwaka 2023 ukaanza mfumo wa malipo ya moja kwa moja kupitia Benki ya Ushirika, ili pesa za mnada zigawanywe kwa kila anayehusika bila kukaa mfukoni mwa wakala. Benki hiyo yenyewe ilisajiliwa mwaka 1965 kama chama cha ushirika, kwa hiyo wakulima wa kahawa wanarudishiwa chombo ambacho vyama kama vyao ndivyo vilivyokizaa.

Kuna uzi mwingine uliolegea, nao ni wa maarifa. Watafiti wa Ruiru walitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yanayowafanya wakulima kununua dawa ya kupulizia msimu baada ya msimu. Mwaka 2010 wakaongeza Batian. Lakini Ruiru 11 ni chotara. Mbegu zake huzalishwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, na mbegu ambayo mkulima anaiokota shambani mwake haitoi mti ulio sawa na mama. Ndiyo maana miche haikutosha kwa miaka mingi. Njia ya mkato ipo: kikonyo cha Ruiru 11 hupandikizwa juu ya shina la mti wa zamani wa aina ya SL28, mizizi mikongwe ikalisha tawi jipya. Kazi hiyo inahitaji kisu kikali, mkono uliofundishwa na kitalu kilicho karibu. Chama cha ushirika chenye kitalu chake na vijana wawili waliofunzwa kupandikiza kinaweza kufikisha kazi ya miongo ya utafiti kwenye kila boma. Kisipokuwa navyo, maarifa yaliyogunduliwa umbali wa nauli moja ya matatu yanabaki kwenye ripoti.

Mfano ulio mpana kuliko yote uko juu ya Thika, kwenye bwawa la Ndakaini. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994 katika eneo la Gatanga, kaunti ya Murang'a, na ndilo tegemeo kuu la maji ya Nairobi. Mvua ikinyesha kwenye miteremko iliyolimwa bila makinga maji, udongo huteremka hadi mitoni na mabwawani. Mkulima anapoteza rutuba. Mji unalipia kusafisha matope. Mwezi Machi 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana Juu na Nairobi, chini ya uongozi wa shirika la The Nature Conservancy, ukiwaleta pamoja kampuni ya maji ya Nairobi, wazalishaji wa umeme, viwanda vya vinywaji na wakulima wa mabonde ya Thika na Chania, Maragua, na Sagana na Gura. Hesabu za awali zilikadiria kwamba dola milioni 10 zitakazowekezwa katika kuhifadhi udongo zitarudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30.

Kazi yenyewe inaonekana kwa macho. Kwenye ukingo wa kila kinga maji mkulima hupanda nyasi ya napia. Mizizi hushika udongo usiende Ndakaini. Majani hukatwa, hukatakatwa kwa panga, hupelekwa horini. Ng'ombe hula, maziwa yakaenda kwenye mizani asubuhi. Nyasi moja imemuunganisha mnywaji wa maji Nairobi, mfugaji wa mlimani na kiwanda cha maziwa, na kila mmoja ana sababu yake mwenyewe ya kutaka ipandwe.

Nyuzi hizi zote zinavutwa na ardhi. Ruiru imekua juu ya mashamba ya kahawa. Mtaa wa Kahawa Sukari bado unabeba jina la zao hilo, na mji mpya wa Tatu City unajengwa palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Hakuna atakayerudisha nyumba kuwa kahawa. Watu karibu nusu milioni wa Ruiru ni soko la mboga, mayai na maziwa lililo mlangoni mwa Gatundu na Githunguri, na soko hilo linafaa kushikwa kwa mikataba kati ya shule, hospitali, mahoteli na maduka makubwa, na vyama vya wakulima.

Mipaka ya utawala nayo inahitaji kulegezwa. Mkulima wa Gatanga yuko Murang'a, lakini mji wake wa kuuzia ni Thika, ulio Kiambu. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, wafanyabiashara wa mazao wamelalamikia ushuru unaotozwa na kaunti zaidi ya moja kwa mzigo mmoja. Kaunti 10 za Mlima Kenya na Aberdare zimeunda jumuiya ya kiuchumi. Kazi ya kwanza ya jumuiya hiyo yenye manufaa kwa mkulima ingekuwa risiti moja ya ushuru inayokubalika upande huu na ule wa mpaka. Kuna pia mpango wa mwaka 2023 wa kujenga vituo vya kukusanya na kuongeza thamani mazao katika kila kaunti, uliotengewa shilingi milioni 500 kwa kila kimoja, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Majengo hayo yatafaa ikiwa vyama vya wakulima vitakaa kwenye bodi zake tangu siku ya kwanza, na ikiwa wanawake, ambao huchuma kahawa na kukamua ng'ombe, watasajiliwa kama wanachama kwa majina yao na kulipwa kwenye akaunti zao.

Sehemu ya kazi hii haisubiri bajeti ya mtu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya inampa kila mwanachama haki ya kupata taarifa za chama chake, zikiwemo kumbukumbu za mikutano na hesabu za mwaka. Mwanachama wa chama cha Gatundu, Githunguri au Gatanga anayesoma haya aende kwenye mkutano mkuu ujao, aombe hesabu zilizokaguliwa, na aulize maswali matatu mbele ya wenzake: mazao yetu yalipimwa wapi na nani, pesa zilifika lini kwenye akaunti ya chama, na zilifika lini kwetu.