Barua Yetu Ilifika Wapi? Kazi ya Kila Siku ya Bunge la Kaunti

Tukitembelea vikundi hapa Kibugu na vijiji vya jirani, swali moja hatulikosi: "Tulipeleka barua kaunti, mbona hatujajibiwa?" Wengine wanauliza kwa hasira, wengine wamekata tamaa kabisa na wanasema ati kaunti ni ya wenyewe. Kwa hivyo toleo hili tumeona tueleze ile nyumba ya Embu mjini inafanya nini siku kwa siku, na barua ya kikundi huingilia mlango gani.

Tuanze na kikundi kimoja cha akina mama tunachotembea nacho. Ni wakulima wa kahawa na majani chai. Njia yao ya kwenda kiwanda cha kahawa inakatwa na kijito, na daraja ni magogo mawili tu. Mvua kubwa ikinyesha, magogo yanakuwa kama yamepakwa sabuni. Msimu mmoja mtoto wa nasari aliteleza akaanguka majini, na kama si jirani aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe hapo chini, tungekuwa tunaeleza habari nyingine. Akina mama walikutana wiki hiyo hiyo, wakaandika barua, wakampa mtu aipeleke. Ilikuwa mwezi wa Mei. Barua ilisema: "Tunaomba serikali itusaidie na daraja." Basi. Haikuwa na jina la njia, wala jina la kijiji, wala sahihi zaidi ya ile ya katibu. Mpaka leo hakuna anayejua ilitua meza gani.

Msicheke. Vikundi vingi tumeandika barua kama hiyo.

KUTOKA DIWANI HADI MCA

Wazee bado wanamwita MCA "diwani", na si makosa sana. Kabla ya Machi 2013 nchi hii ilikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya. Kwetu kulikuwa na Baraza la Manispaa ya Embu, Baraza la Manispaa ya Runyenjes, Baraza la Kaunti ya Embu na lile la Mbeere. Zamani mabaraza ya wilaya yalishughulikia shule za msingi, zahanati na barabara, lakini sheria ya mwaka wa 1969 ikayanyang'anya kazi hizo na kuzipeleka serikali kuu. Yakabaki na soko, leseni na ushuru wa mazao. Ndiyo sababu wengi wetu tulikua tukijua baraza kama mtu wa tikiti sokoni tu. Baadaye kulikuja ule mfuko wa LATF, kwa sheria ya mwaka wa 1998, na kutoka 2001 wananchi wakaanza kuitwa kuchagua miradi ya LASDAP. Wale waliohudhuria mikutano hiyo watakumbuka.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Kaunti sasa ina kazi nyingi: zahanati na hospitali za kaunti, shule za nasari, vyuo vya ufundi vya vijiji, kilimo na mifugo, maji ya vijijini, masoko, taka, leseni za biashara na za pombe, na barabara za kaunti. Kaunti ya Embu ina wodi 20: Manyatta 6, Runyenjes 6, Mbeere Kusini 5 na Mbeere Kaskazini 3. Kila wodi inachagua mwakilishi mmoja, na wengine wanateuliwa na vyama. Hao pamoja na Spika ndio Bunge la Kaunti.

Gavana na mawaziri wake wa kaunti hawakai humo. Wao ndio watekelezaji, yaani ndio wanaojenga, wanaonunua na wanaoajiri. Bunge hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, na kuangalia kama pesa zimetumika inavyotakiwa.

Hapa ndipo tunapokosana na MCA wetu bure. Tunamwambia, "Tutengenezee barabara." Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inasema wazi kwamba mwakilishi wadi hatajihusisha na kazi za utekelezaji. Kazi yake ni kukaa karibu na watu wake, kusikia shida zao, kuzisema bungeni na kufuatilia. Akija na trekta siku ya mkutano na kusema ni yake, mshukuruni kwa upole, lakini mjue hiyo si kazi tuliyomwajiri. Na akiwaambia hana pesa za barabara, huenda anasema kweli. Mwulizeni basi: "Umeiuliza lini bungeni, na ulijibiwa nini?"

SIKU YA KAWAIDA NDANI YA BUNGE

Watu wengi walilisikia Bunge la Embu kwa mara ya kwanza mwaka wa 2014, lilipopiga kura kumwondoa gavana wa kwanza, Martin Wambora. Seneti ilikubali, kesi zikajaa mahakamani, yeye akabaki kazini, na mwaka wa 2017 akachaguliwa tena. Siku kama hizo ndizo redio inazipenda. Siku zilizobaki kazi ni ya kupooza kabisa, na ndiyo inayogusa daraja lenu.

Kikao huanza kwa sala. Spika anatoa matangazo. Halafu yanasomwa maombi ya wananchi, kama yapo. Kisha ripoti zinawekwa mezani, wajumbe wanatoa taarifa za hoja watakazoleta, na mjumbe anaweza kuomba maelezo: kwa nini zahanati fulani haina dawa, kwa nini mkandarasi fulani alilipwa na kazi haijakwisha. Swali hilo hupelekwa kwa kamati inayohusika, ili idara ijibu. Baadaye zinakuja hoja na miswada. Yote haya yameandikwa kwenye karatasi ya shughuli za siku, na kila neno linalosemwa linaandikwa katika kumbukumbu rasmi, Hansard. Kwa hivyo mtu akiwaambia "nilisema bungeni", hilo ni jambo linaloweza kuangaliwa.

Mswada unasomwa mara ya kwanza kwa kutajwa tu, unakwenda kwa kamati ambayo inatakiwa kusikia maoni ya wananchi, unarudi kujadiliwa, unapitiwa kifungu kwa kifungu, na kusomwa mara ya tatu. Ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake.

Lakini kazi yenyewe, tuseme ukweli, inafanyika katika kamati. Kuna kamati ya bajeti, ya afya, ya kilimo, ya barabara na nyingine. Huko wajumbe wachache wanakaa na maofisa wa idara na makaratasi, wanauliza senti kwa senti. Kikundi kinachotaka kusikilizwa kitafute kamati.

Je, mwananchi anaruhusiwa kuingia? Ndiyo. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi, na vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa watu. Kumfungia mwananchi nje ni mpaka Spika aone kuna sababu maalum ya haki. Chukua kitambulisho, vaa nguo ya heshima, keti kwenye viti vya wageni na usipige makofi. Ila msipande matatu kabla ya kuuliza ofisi ya Karani kama kuna kikao siku hiyo, maana bunge lina likizo zake. Sisi tumeshawahi kwenda tukakuta askari wa lango peke yake. Nauli ilikwenda hivyo.

PESA ZINA MSIMU WAKE

Hapa tukae kidogo, maana ndipo ile barua ya akina mama ilipopotea. Ninyi mnajua kupanda. Hakuna anayepanda mahindi Juni halafu akalaumu mvua. Bajeti ya kaunti nayo ina msimu, na umewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Lakini kazi yake inaanza karibu mwaka mzima mbele. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umefika bungeni. Huo ndio unaotaja miradi. Kufikia tarehe 28 Februari, kabla mvua ya masika haijaanza, inafika karatasi ya mkakati inayosema kila idara itapata kiasi gani. Tarehe 30 Aprili, wakati mnapalilia, makadirio yenyewe yanafika, na kamati ya bajeti inatakiwa kusikia watu. Mwisho wa Juni yanapitishwa.

Sasa angalieni: akina mama waliandika mwezi wa Mei. Wakati huo kiwango cha idara ya barabara kimeshawekwa na orodha ya miradi imeshatajwa. Kuingiza daraja jipya ni lazima lingine litolewe, na lile lingine lina wenyewe waliokuja Septemba.

Na kuna mpango mkubwa zaidi, wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Sheria inakataza kutenga pesa za umma nje ya mipango. Kwa hivyo kabla ya kulalamika, kikundi kiulize: njia yetu imo katika mpango? Kama haimo, shida yenu haiko kwa mkandarasi, iko huko juu.

Kitu kingine ni kujua njia ni ya nani. Barabara kubwa ya Embu kwenda Meru ni ya serikali kuu. Nyingine ziko chini ya KeRRA, ambalo pia ni shirika la serikali kuu. Nyingine ni za kaunti. Darasa la msingi si la kaunti, la nasari ni la kaunti. Mfuko wa NG-CDF ni wa eneo bunge, hauhusiani na MCA. Chifu ni wa serikali kuu. Msimamizi wa wadi ndiye wa kaunti. Tumeona barua nzuri kabisa ikikaa mwaka mzima kwa sababu ilipelekwa ofisi isiyohusika, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia wenyewe.

AKINA MAMA WA SOKO

Kuna karatasi moja ambayo watu wa vikundi hawaifuatilii, na inawauma kila siku ya soko. Ni mswada wa fedha. Huo ndio unaosema utalipa shilingi ngapi kwa gunia la kabeji, kwa meza, kwa duka, kwa boda boda. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni itakayotozwa bila sheria. Kwa hivyo mtoza ushuru akisema bei imepanda, una haki ya kumuuliza kwa adabu ni sheria gani, na una haki ya risiti. Pesa isiyo na risiti haifiki kwa kaunti, na mwaka unaofuata utaambiwa soko halikusanyi kitu ndiyo maana halina choo.

Maoni ya wananchi juu ya mswada huo hutangazwa. Watu wanaokuja ni wachache, na baadhi wanauliza kwanza kama kuna nauli. Tunaelewa, siku ya kazi ni siku ya kazi. Lakini hebu fikirieni: meza ikipandishwa shilingi kumi tu, anayeuza mara mbili kwa wiki atatoa zaidi ya shilingi elfu moja kwa mwaka. Nauli ya kwenda mkutano ni ndogo kuliko hiyo. Na kabla ya kuweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, someni kichwa chake. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kuwa mliulizwa.

BARUA YA PILI

Sheria ile ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Tulikaa na wale akina mama jioni mbili. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono, ikaelekezwa kwa Karani wa Bunge. Walitaja njia inaanzia wapi na kuishia wapi, upana wa kijito kwa hatua, ni familia ngapi zinavuka, na watoto wangapi wa nasari. Walieleza walishamwambia nani na lini. Waliandika kwamba jambo haliko mahakamani. Kisha wakasema wanachotaka kwa sentensi moja: kalvati au daraja la saruji mahali hapo, liingizwe katika mpango wa mwaka unaofuata. Wote wakaweka majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Cucu mmoja aliweka kidole gumba. Nakala moja ilikwenda kwa MCA, moja kwa msimamizi wa wadi, na moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Hiyo ya muhuri msiikose. Bila hiyo hamna la kufuatilia.

Safari hii ilipelekwa mwezi wa Julai. Wamechagua wawili wa kwenda kuuliza kila mwezi, na nauli inatoka kwa mfuko wa kikundi. Mkikosa jibu, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21.

Daraja bado ni magogo. Kwa sasa wazee wawili wamefunga kamba ya kushikilia, na watoto wanavushwa na mtu mzima asubuhi na saa sita.

Kikundi kinachotaka tuje tukae nacho kuandika kiache ujumbe kwenye ofisi ya parokia au kwa mwenyekiti wa jumuiya. Muwe na cheti cha kikundi, daftari ya mikutano, na mtu aliyekwenda kuipima njia kwa miguu.