TEHAMA SKULINI: TUJIULIZE KABLA YA KUNUNUA



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika mikutano yetu hoja moja hurudi kila mwaka: skuli na madrasa za wenzetu zina kompyuta, sisi lini? Hoja hii ni nzuri, na wanaoitoa wana uchungu na watoto wao. Mtoto anayemaliza masomo bila ya kujua kutumia kompyuta hupata taabu anapotafuta chuo au kazi. Lakini fedha za kununulia ni michango ya wazazi, wengi wao wa hali ya chini, nayo ni amana. Kwa hiyo tumeona tueleze hapa TEHAMA ni nini, waliotangulia wamepata nini, na sisi tujiulize nini kabla ya kutoa hata shilingi moja.

NINI TEHAMA?

TEHAMA ni kifupi cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Wengi wakilisikia neno hili hufikiria kompyuta na intaneti tu. Hasha! Redio, runinga, simu na kinasa sauti, vyote vimo.

Sisi watu wa madrasa tumeanza zamani kuitumia. Mwaka 1961 huko Misri ilikamilika rekodi ya Qur-ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Baadaye zikaja kanda za kaseti, na watoto wakaweza kusikiliza usomaji mzuri majumbani mwao. Je, walimu waliachwa? La. Kanda humsomea mwanafunzi, lakini haimsikii anapokosea makhraji. Anayemsikia na kumsahihisha ni mwalimu. Mfano huu tuushike, maana utatusaidia kuyafahamu yanayofuata.

WALIOTANGULIA WAMEPATA NINI?

Mwaka 2005 Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alitangaza mpango wa kutengeneza kompyuta ndogo za bei nafuu ili kila mtoto wa nchi zinazoendelea awe na yake. Peru, nchi ya Amerika ya Kusini, iliuchukua mpango huo kwa nguvu na ikagawa kompyuta zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika skuli 319 za msingi za vijijini nchini humo. Ilionekana kuwa watoto wamejua kutumia kompyuta, na hata uwezo wao wa kufikiri uliongezeka kidogo. Lakini katika hesabu na lugha hawakuwapita wenzao ambao hawakupewa. Skuli zenye intaneti zilikuwa chache mno, na walimu hawakuandaliwa vya kutosha kuingiza kompyuta katika masomo yao.

Karibu na sisi, wanasiasa wa Kenya waliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na ugawaji ukaanza mwaka 2016. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa. Kheri moja kubwa ni kwamba maelfu ya skuli ziliungiwa umeme kwa sababu ya mpango huo. Hata hivyo, katika baadhi ya skuli vifaa vilibaki vimefungiwa kabatini, ama kwa kuhofia wizi au kwa kukosa mwalimu anayejiamini kuvitumia.

Hapa kwetu Zanzibar, kabla ya mwaka 2010, kulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Watoto wadogo walikusanyika katika vituo vya TUTU, wengine katika vijiji visivyokuwa na skuli ya maandalizi karibu. Sauti ya redioni iliuliza kwa Kiswahili, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu, wakaimba na kucheza, huku mlezi akiwaongoza. Chombo kilikuwa redio tu, lakini kilikuwa na mtu wa kukisimamia, lugha ya mtoto na somo lililopangwa.

MASWALI MANNE

Kutokana na hayo, tunawaomba wazazi wajiulize maswali haya kabla ya kuchanga:

1. Nani atafundisha? Mwalimu asome kwanza, kompyuta zifuate. Mwalimu anayeogopa kuigusa atazifunika kwa kitambaa mpaka ziharibike.

2. Umeme na matengenezo yatatoka wapi? Bei ya dukani ni mwanzo tu. Sisi wa Unguja tunakumbuka kiza cha tokea Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika umeme wa kisiwa kizima. Tena hewa yetu ya chumvi na vumbi huharibu mashine upesi. Mwenye fungu la kununua asilisahau fungu la fundi.

3. Zitasomesha nini, na kwa lugha gani? Kujua kufungua na kufunga kompyuta si elimu ya kutosha. Mwanafunzi aandike insha yake, afanye hesabu, atafute habari na kuipima ukweli wake.

4. Nani atawalinda watoto? Intaneti ina kheri na shari. Mashine ziwekwe ambapo mwalimu anaona kila kioo. Ziwepo zamu, wasichana wapate sawa na wavulana. Watoto wafundishwe kutompa mtu wasiyemjua jina, picha wala mahali wanapoishi. Na wazazi wafanye hivyo hivyo kwa simu za nyumbani.

HITIMISHO

Hatusemi kompyuta zisinunuliwe. Tunachosema ni tuanze kwa kiasi: mwalimu mmoja aliyesoma, mashine mbili au tatu, chumba chenye kufuli na ratiba inayofuatwa. Tukiona baada ya mwaka wanafunzi wamefaidika, tuongeze. Tukiona hawakufaidika, tutakuwa tumepoteza kidogo, na tutajua pa kurekebisha.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapokaa mbele ya mashine hizo, kumbukeni kwamba mama zenu wamejinyima ili mzipate. Zitumieni kwa kusoma.

Wabillahi tawfiq.