Neno na Jirani Zake

Miongoni mwa watu wanaokitafuta Kiingereza kwa shauku katika mji wa Moshi na vijiji vilivyo juu yake, sidhani kama wapo wawapitao vijana wapandao mlima Kilimanjaro na wageni, wale wagumu wabebao mizigo na wenzao waliokwisha kupata leseni ya kuongoza. Maana mwanafunzi wa sekondari huihitaji lugha hiyo ili afaulu mtihani, na karani huihitaji ili barua yake isomwe kwa heshima, lakini mwongoza wageni huihitaji usiku wa manane, katika baridi ya Kibo huko juu, mgeni wake anapoanza kupepesuka na kusahau alipo. Mtu wa kazi hiyo hatosheki na maneno ya salamu na ya bei ya vinyago. Ayatakayo ni maneno ya juu, ya daktari na ya vitabuni, na anayataka yamtii papo hapo.

Nimepata kuliona daftari la kijana mmoja wa Marangu, lililokunjamana kwa unyevu wa msituni, ambamo ameandika safu mbili: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili. "Altitude", mwinuko, "severe", kali, "deteriorate", kuharibika, na kurasa zikaendelea hivyo hivyo kwa mwandiko safi wa mtu mwenye bidii. Bidii hiyo naiheshimu kwa moyo wote. Walakini orodha ya namna hiyo, ambayo aghalabu ndiyo tuliyofundishwa shuleni, humpa mwanafunzi nusu tu ya neno, nayo ni ile nusu iliyo rahisi. Haimwambii neno lile hukaa na jirani gani, wala ni jirani gani lisilopatana nao kabisa.

Tulitazame hilo "severe". Aliyeandika kuwa ni "kali" hakukosea, kwani maumivu makali ya kichwa huitwa hivyo hasa. Lakini Kiswahili, kwa ukarimu wake, kimelituma neno moja kazi nyingi, tukasema kisu kikali, mbwa mkali, mwalimu mkali, na kahawa kali itokayo vihambani, yaani katika mashamba yetu ya nyumbani, ilhali Kiingereza kimekipa kila kimoja sifa yake: kahawa ni "strong", kisu ni "sharp", mwalimu ni "strict", na mbwa ni "fierce". Kadhalika "deteriorate". Kwetu gari huharibika, maziwa huharibika, na hali ya mgonjwa huharibika; kwa Waingereza gari lina neno lake na maziwa yana lake, na hili la daftarini huambatana na afya, na hali ya hewa, na uhusiano baina ya watu, na kila jambo linalozidi kuwa baya kidogo kidogo.

Mlimani tofauti hizi si mapambo. Hewa ya Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, humpa mtu takriban nusu ya oksijeni aipatayo akiwa pwani, na mwili usiopewa nafasi ya kuzoea huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Na ugonjwa ukizidi hata mtu asiweze kutembea kwa mstari ulionyooka, wala kujibu swali kwa akili timamu, dawa iliyo kuu ni kumteremsha mara moja. Mwongoza wageni hana budi kumshawishi mtu aliyelipa fedha nyingi, na ambaye bado ana hamu ya kupanda, kwa sentensi moja isiyo na shaka: "Your condition is deteriorating and we must descend immediately." Yana nguvu maneno hayo, kwa sababu kila moja lipo mahali pake. Lakini ikiwa mgeni ni Mjapani au Mbrazili, ambaye naye Kiingereza amejifunza ukubwani, basi "go down" itamfikia upesi kuliko "descend", na hilo la pili liwekwe kwa ajili ya ripoti ya maandishi. Kujua saa ya kuliacha neno kubwa ni sehemu ya kulijua.

Mtu aliyeitambua shida hii mapema ni A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani. Yeye na wenzake walitunga kamusi kwa ajili ya wanafunzi wageni wa lugha, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha ikatolewa upya na Oxford mwaka 1948, nayo vizazi vyake vimo katika maktaba nyingi za shule zetu. Fadhila yake ni kuonyesha, pamoja na maana, namna neno linavyoshikana na mengine katika sentensi, na kueleza ni majina gani yanayohesabika na yapi hayahesabiki. Pale kwenye geti la kuingilia mlimani, mzigo wa mgumu unapopimwa usizidi kilo 20, faida hiyo huonekana kila asubuhi, maana sisi tuna mizigo mingi, na vijana wengi husema "luggages", ilhali "luggage" haliongezwi kitu hata vifurushi vikijaa uwanja mzima.

Basi daftari lile lingeongezwa safu ya tatu, iliyo pana kuliko mbili za kwanza, ya sentensi zilizotungwa na mwenyewe kutokana na maisha yake: moja ya mlimani, moja ya kihambani, moja ya hospitali ya KCMC, ili neno lizoee majirani zaidi ya mmoja. Tena zisomwe kesho yake, na baada ya siku tatu, na baada ya juma. Kwani Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyeipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuandika matokeo mwaka 1885, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea upesi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachana huhifadhi zaidi kuliko kukariri kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika au wa Chuo cha Mweka, ambao mahitaji yao ni ya vitabu vya taaluma, wanayo orodha iliyotolewa mwaka 2000 na Averil Coxhead wa New Zealand, yenye koo 570 za maneno. Nao wakiisoma bila safu ya tatu watakuwa na hasara ile ile.

Sentensi hizo za safu ya tatu zahitaji jicho la mwingine, na hapa wapanda mlima wana bahati ambayo mwanafunzi wa darasani hana. Wageni wengi, wakiombwa kwa adabu baada ya chakula cha jioni pale kambini Horombo, huzisahihisha kwa furaha, na wengine huuliza "luggage" huitwaje kwa Kiswahili, kisha wakaliandika jibu.