Hawakudondosha mtu hata mmoja. Mbona wakawa wa tatu?

Kila msimu wa mashindano ukifika, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi swali ni lile lile. Timu ya mtoto imefanya onyesho safi kabisa: hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesahau hatua, kocha analia kwa furaha. Timu iliyofuata imemdondosha msichana mbele ya ukumbi mzima. Matokeo yanatangazwa, na waliodondosha ndio wako juu. Mama anageuka kwenye kiti: "Hivi hii ni haki kweli? Au ni kwa sababu watoto wetu ni weusi?"

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu wazazi wetu na michezo ya huku Marekani, na chia ikala nusu ya muda. Hatukuimaliza. Basi tuimalizie hapa, taratibu, kama tunavyomweleza mama jikoni. Na lile swali lake la pili tusilipuuze, tutalifikia.

Kwanza, chia ipi?

Chia ambayo wazee wetu wanaijua ni ile ya kando ya uwanja, wasichana wanashangilia timu ya shule ikicheza futiboli ya Kimarekani. Pale hakuna majaji. Hapa tunaongelea chia ya mashindano, hasa ya klabu, ambapo washangiliaji wenyewe ndio timu na hakuna mpira wowote unaochezwa.

Timu inapewa dakika 2 na sekunde 30, basi. Inafanya kazi juu ya zulia lenye sponji na springi chini yake, upana futi 54, kina futi 42. Ndani ya muda huo watoto wananyanyuana, wanajenga piramidi, wanapiga samasoti, wanaruka na kucheza dansi. Ukiona wanahema kama wamekimbia kutoka Dallas mpaka Houston, usishangae.

Halafu kuna leveli, kuanzia 1 mpaka 7. Sheria za kila leveli kwa klabu za Marekani zinatoka USASF, chombo kilichoanzishwa mwaka 2003. Kwa upande wa sarakasi za chini, ngazi zinapanda hivi: leveli 1 mtoto anajikunja kama daraja na kupindua miguu polepole. Leveli 2 anajirusha kinyumenyume, mikono inagusa chini, kisha miguu. Leveli 3 anapiga samasoti hewani bila kugusa chini kwa mikono. Leveli 4 anafanya hivyo mwili ukiwa umenyooka, leveli 5 anaongeza mzunguko mmoja, leveli 6 miwili.

Sasa sikia hili, maana linawachanganya wengi. Timu ya leveli 2 ikimwachia mtoto apige samasoti ya leveli 3, hata kama ni tamu kiasi gani, hawapati nyongeza. Wanakatwa alama kwa kuvunja sheria. Ukumbi unapiga kelele, jaji wa sheria anaandika. Hiyo kanuni ipo kwa ajili ya shingo na migongo ya watoto. Bila hiyo, kila kocha mwenye haraka angewasukuma watoto wafanye wasiyoyaweza ili apate alama.

Majaji wanahesabu vichwa

Majaji wanakaa mbele, mahali palipoinuka, na kazi wamegawana. Kuna anayetazama kunyanyuana na piramidi. Kuna anayetazama samasoti na miruko. Kuna anayetazama onyesho zima: dansi, mpangilio, uchangamfu. Wengine kazi yao ni makosa na sheria tu. Kwa hiyo yule mama anayesema "jaji hakumtazama mwanangu" pengine yuko sahihi, maana jaji yule alikuwa na kazi ya kutazama kitu kingine.

Sehemu kubwa za onyesho zinapimwa kwa mambo mawili: ugumu na usafi.

Ugumu ndio ambao wazazi hatuuoni. Kwenye mfumo unaotumiwa na mashindano mengi ya klabu, ugumu hautegemei yule msichana mmoja anayeng'aa. Unategemea ni wangapi wamefanya. Chukua timu ya watoto 20. Kundi moja la kunyanyua kwa kawaida lina watu wanne: wawili chini, mmoja nyuma, mmoja juu. Kwa hiyo timu inaweza kutoa makundi matano. Kama makundi matatu yananyanyua kwa mguu mmoja na watoto wanane waliobaki wanapunga mikono na kutabasamu, ugumu wao unaingia fungu la chini kuliko wa timu iliyonyanyua makundi yote matano kwa pamoja. Hata kama yale matatu yalikuwa mazuri kama picha ya kalenda.

Na samasoti ni hivyo hivyo. Wakifanya wachache, fungu dogo. Wakifanya zaidi ya nusu ya timu, fungu linapanda. Wakifanya karibu wote, na kwa wakati mmoja, linapanda tena. Mtoto wako anaweza kuwa na samasoti bora kuliko wote ukumbini na bado timu ikakosa alama, kwa sababu yuko peke yake.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa jimu, miezi kabla ya mashindano. Kocha na mpangaji wa onyesho wanakaa na karatasi ya alama na muziki uliogawanywa katika hesabu za nane, wanapanga: hapa makundi yote matano, hapa samasoti za pamoja, hapa dansi watu wapumue. Timu inaweza kuingia ukumbini ikiwa tayari imeacha alama nyumbani, na hata ikifanya kila kitu bila kosa haitazipata.

Usafi ni namna ilivyofanyika. Je, yule wa juu alitikisika? Waliomshika walisimama imara au walikuwa wanahangaika na miguu? Mikono imenyooka? Wote walitua pamoja au mmoja mmoja kama mvua inayoanza? Hapa ndipo jicho la jaji linapoingia zaidi.

Kudondosha kunagharimu kiasi gani?

Makato yana ngazi zake. Mtoto mmoja akigusa mikono chini baada ya samasoti, kinakatwa kipande kidogo cha pointi. Kundi likiyumba bila kuanguka, kipande kingine. Mtu akishuka kutoka juu bila mpango, kikubwa zaidi. Piramidi ikibomoka hadi watu kufika sakafuni, hapo ni maumivu.

Lakini hesabu yake iko hivi. Huu ni mfano tu. Timu A haikukosea popote, ila ilipanga makundi matatu. Ugumu na usafi vikijumlishwa inapata 93.4. Timu B ilipanga makundi matano, ikapata 95.1, halafu ikamdondosha mmoja ikakatwa 0.75. Inabaki na 94.35. Timu B iko juu, na hakuna aliyeibiwa.

Kule juu kabisa mambo yanabadilika, kwa sababu karibu kila timu kubwa imeshajaza ugumu. Mliotazama Cheer ya Netflix mnawajua Navarro College wa Corsicana, Texas, na wapinzani wao Trinity Valley. Wanakutana Daytona Beach, Florida, kwenye mashindano ya vyuo ya NCA. Siku ya kwanza ina uzito wa asilimia 25, ya pili asilimia 75. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona, na 2021 Trinity Valley wakachukua ubingwa. Timu zikilingana hivyo, mguu mmoja kutua vibaya siku ya pili unaweza kumaliza mwaka mzima wa kazi.

Sasa, haki je?

Turudi kwa mama. Tungependa kumjibu kwamba majaji ni mashine, lakini si kweli. Makundi matano ni matano, awe nani aliyehesabu. Usafi na uchangamfu ni macho ya binadamu, na macho ya binadamu yana mazoea yake. Mtu aliyekulia kwenye mchezo wenye sura ya aina moja anaweza kuona tabasamu la mtoto mmoja na kulipita la mwingine bila kujijua. Wasiwasi wa mama una mahali pake, na mahali penyewe ni kwenye visanduku hivyo. Kwenye hesabu ya vichwa hauna pa kukaa.

Kuna na suala la nani mwenye meza. Kampuni ya Varsity Spirit inaendesha sehemu kubwa ya mashindano ya Marekani, na pia inauza sare na kuendesha kambi za mazoezi. Klabu na wazazi waliishtaki wakidai imelishika soko na kupandisha gharama. Kesi mbili kubwa ziliishia kwenye makubaliano: dola milioni 43.5 mwaka 2023, na milioni 82.5 mwaka 2024. Kesi hizo zilihusu soko na bei, hazikusema timu fulani ilinyimwa alama. Ila mzazi anayelipa ada ya jimu, sare, hoteli na ndege ana haki ya kujua pesa yake inaenda wapi na karatasi ya alama imeandikwa na nani.

Ufanye nini Jumatatu

Usimfuate jaji. Kulalamikia alama ukumbini ni kazi ya kocha peke yake, tena ndani ya muda mfupi uliowekwa. Lakini kocha anapewa karatasi za alama, na wewe unaweza kumwomba kwa heshima akae nawe dakika kumi muisome pamoja. Tazama mambo matatu.

Moja, ugumu. Uko fungu la juu au la kati? Kama ni la kati, tatizo ni mpango wa onyesho, au timu imewekwa leveli ambayo wengi bado hawajaiweza. Usikubali jibu la kumpandisha mwanao leveli haraka ili "apate alama." Kushuka leveli moja na kufanya wote kwa pamoja mara nyingi kunalipa zaidi, na mifupa inabaki salama.

Mbili, makato. Ni ziro? Basi mpongeze mtoto kwa hilo hasa, kwa jina lake, kwa sababu ni kazi ngumu.

Tatu, usafi na uchangamfu. Linganisha mashindano matatu au manne. Alama zikipanda na kushuka kwa majaji tofauti, ni kawaida. Zikiwa chini kila mara kwenye kisanduku kile kile, na video haionyeshi sababu, hapo una jambo la kuuliza, na una karatasi mkononi ya kuulizia.

Na mtoto akiwa analia kwenye gari, usimwambie "walikuonea" kabla hujaisoma. Akiamini ameonewa, hana la kufanyia kazi. Ukimwambia "makundi mawili ya nyuma hayakunyanyua, ndiyo tofauti yenyewe," Jumatatu anarudi jimu akijua cha kumwuliza kocha.