Spoti Kwa Ndai: Usiku wa Koboko Hautaki Mchezo

Leo tunabonga maspoti, zile taa za kuongeza mbele ya ndai, kwa bulbari ama juu ya keria, zenye zinafanya Prado ya kawaida ikae mnoma hata ikiwa imepaki.

Lami ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ni kilomita 92, na vile iko laini inakuita ukanyage. Noma ni usiku. West Nile, huu mkoa wetu wa Uganda, ilikaa miaka mob nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli na, tangu 2012, kale kastesheni ka stima ya maji ka Nyagak kule Zombo, megawati 3.5 kwa mkoa mzima. Laini kubwa ya stima imefika juzi tu, na hata saa hii ukishaacha taa za mwisho za Arua unabaki na giza totoro. Na hiyo giza iko na watu ndani. Mathe anatoka soko na beseni kichwani. Mzae wa baiskeli amebeba magunia ya makaa na nyuma hana kitu cha kung'aa. Nduthi yenye taa ya nyuma ilidedi kitambo. Mbuzi wamelala kwa lami juu bado iko na joto ya mchana. Ukisonga mpaka Kuluba, kata ya mpakani kule Koboko, unapata pia familia zenye zimevuka kutoka Sudan Kusini kwa mguu. Kituo cha kuwapokea kiko hapo hapo Kuluba.

Sasa piga hesabu na mimi. Taa za ndai ukiwa umedimu zinakuonyesha kama mita 50 mbele. Ukiwa 80, unakula mita 22 kila sekunde. Kabla akili ishtuke na mguu ufike breki, mita kadhaa zishaenda. Kwa lami kavu na breki fiti, ndai ya 80 inasimama baada ya mita 53 hivi. Kwa murram hiyo namba inapanda. Inamaanisha yule mzae wa baiskeli akitokea pale mwanga wako unaishia, hesabu imeshakukataa. Hii kwangu ndio sababu kubwa ya kudunga spoti, na naiweka mbele ya luku yoyote.

Luku pia iko, na siikatai. Tangu kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ifunguliwe pale Yumbe Agosti 2016, Landi (Land Cruiser) nyeupe za mashirika zimejaa hizi barabara: bulbari, snokeli, antena ndefu ya redio, spoti mbili kifuani. Youth wa Arua wakacheki wakazimia. Leo unapata Surf ya kitambo, Pajero, hata Forester imedunga baa ya LED kutoka kioo moja mpaka ingine. Poa sana. Msee mwenye anapenda vile ndai yake inakaa huwa anaitunza, anaosha, anabadilisha oili mapema. Nataka tu hiyo mapenzi ifike mpaka kwa waya.

Kwanza jua unachonunua. Spoti inatupa mwanga mwembamba mbali, flodi inamwaga pana na karibu. Kwa lami ya Koboko unataka ya mbali. Kwa njia za ndani za Lobule ama Rhino Camp, zenye ni kona na mashimo, unataka pana, ucheki kando penye mtoto ama ng'ombe anaweza chomoka. Kuna zenye zimechanganya zote mbili, na mtu mwenye anaweza nunua jozi moja peke yake achukue hizo. Zile lumeni kubwa zimeandikwa kwa boksi usiziamini haraka. Maboksi mengi yanahesabu vile taa ingetoa kwa karatasi, kabla joto na lenzi hazijakula yake. Uliza namba ya IP. Ikiwa 67, sita ya kwanza inasema vumbi haiingii kabisa, na saba inasema inaweza zamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa. Hiyo sita ndio ya muhimu huku. Vumbi ya kiangazi, kuanzia Disemba, huwa inapenya mpaka ndani ya simu.

Hapo kwa vumbi ndio wasee wengi wanakosea mahali pa kuweka. Baa juu ya paa inakaa mwenyewe kabisa, lakini mwanga unatoka juu ya macho yako, unagonga vumbi ama mvua mbele ya kioo na unarudi moja kwa moja usoni. Unabaki unacheki ukuta mweupe. Alafu inamulika boneti, na boneti inakurudishia. Weka taa chini, kwa bampa ama bulbari, ili mwanga upite chini ya mstari wa macho. Kwa mvua za Agosti mpaka Oktoba utaona tofauti. Rangi pia: ile nyeupe ya kuelekea bluu, kelvini 6000, inang'aa fiti kwa picha, lakini kwa vumbi macho yanachoka. Njano ya kelvini 3000 inatulia. Ukiniuliza mimi, njano chini, nyeupe ya mbali juu yake kidogo, na paa ibaki na mizigo.

Hii kitu haijaanza na sisi. Safari Rally ilianza 1953 ikikimbizwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazito wa hiyo mbio waliishi na vumbi na matope mchana na usiku. Joginder Singh alichukua taji 1965 na Volvo, akarudi 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Cheki picha za hizo enzi: spoti kubwa za duara zimepangwa mbele ya ndai, chini ya kioo, na boneti nyingi zimepigwa rangi nyeusi isiyong'aa ili mwanga usirudi kwa dereva. Hao watu walikuwa wanatafuta sekunde, so kila kitu kwa ile ndai kilikuwa na kazi.

Tuingie waya, juu hapa ndio ndai zinachomekanga. Baa ya wati 180 kwa betri ya volti 12 inavuta ampea 15. Spoti mbili za halojeni za wati 100 kila moja zinavuta karibu 17. Waya na swichi yenye ilitoka na gari haikutengenezwa kubeba hiyo mzigo, so fundi mwenye anaunganisha spoti juu ya waya ya taa za kawaida anakupikia moto ndani ya dashibodi. Lazima kuwe na rilei. Pini 30 inatoka betri ikipitia fyuzi, 87 inaenda kwa taa, 85 na 86 ndio za kuiamsha. Fyuzi ikae karibu na betri kabisa. Ikiwa mbali, hicho kipande cha waya katikati hakina ulinzi, na kikiguswa na bodi kitawaka hata kama umezima kila kitu. Pahali waya inapita kwa chuma, iwekwe mpira. Ethi ipigwe kwa chuma safi, rangi ikwanguliwe.

Kuna kitu fundi wa waya mpoa huwa anapima kabla aguse chochote. Landi, Prado na Hilux nyingi za kitambo zinawasha taa kwa upande wa negativu. Ukipiga fuli, waya inapata ethi, haipati moto. Ukimpa msee asiyejua hiyo, ataunganisha rilei vile amezoea, spoti zitakataa ama zitawaka zenyewe ukizima fuli. Hapo 86 inapewa moto yake yenye fyuzi ndogo, na 85 ndio inapitia swichi mpaka kwa ile waya ya fuli. Alafu Landi zingine za dizeli za zamani kutoka Japani ni volti 24. Pima kwanza, juu taa ya 12 ukiipatia 24 imeenda.

Na kwa nini nasisitiza waya ya fuli? Juu hapo ndio heshima ya barabara inawekwa. Spoti ikiamshwa na fuli, ukidimu tu zote zinazima pamoja, kwa kidole kimoja. Ukiweka swichi yake pekee mahali pa mbali, kuna usiku utasahau. Dereva wa basi ya Kampala anakuja mbele yako, umemchoma macho, na macho yakichomwa yanahitaji sekunde kadhaa kurudi. Sekunde tatu kwa 80 ni mita 66 za kuendesha bila kuona, na amebeba abiria. Kwa msee wa nduthi ni mbaya zaidi, juu yeye hana chuma ya kumkinga. Dimu mapema, hata kwa msee wa mguu. Naye ako na macho.

Mpakani kuna yake. Uganda tunashika kushoto, Congo na Sudan Kusini wanashika kulia. Taa za ndai zetu zimetengenezwa zikiinua mwanga upande wa kushoto, zimulike kando ya barabara. Ukivuka Vurra uingie Aru, ama Oraba uingie Kaya, hiyo kushoto sasa ndio penye wenzako wanatokea, na unawachoma hata ukiwa umedimu. Wasee wa safari ndefu hubandika tepu nyeusi kwa kile kipande cha glasi chenye kinainua mwanga, na spoti zinabaki zimezimwa mpaka warudi.

Ukishafungiwa spoti, nenda mahali flati penye kuna ukuta, rudi nyuma mita 10, ndai iwe na mzigo wenye huwa unabeba, juu ikikaa nyuma pua inapanda na taa zote zinaangalia nyota. Weka alama ya tepu kwa ukuta, urefu ule ule wa taa kutoka chini, na ushushe katikati ya mwanga ikae chini kidogo ya hiyo alama. Funga na nati za kufuli, wagondi wanapenda spoti kukuliko. Alafu piga murram kidogo urudi, na kabla uende popote shika spana ya 13 ukaze boliti zote tena. Kwa hizo korogesheni lazima moja imelegea.