Mwarobaini uani, lakini si kwenye kikombe cha mtoto

Nyumba nyingi za Pwani hazikosi mwarobaini uani. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, na jina lake linatokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Kivuli chake ni kizuri, vijiti vyake ni mswaki wa bure, na majani yakikaushwa vizuri huchanganywa na mahindi au kunde kupunguza wadudu. (Yakiwa mabichi yataleta ukungu, msije mkanilaumu.)

Shida huanza mtoto anapopata homa na bibi akachemsha majani. Mzazi mwenzangu, hapo simama. Mafuta ya mbegu zake ndiyo hatari zaidi: India na Malaysia watoto wachanga walionyweshwa walitapika, wakalegea kwa usingizi, wakapata degedege, na baadhi walifariki. Maji ya majani nayo hayana kipimo cha mtoto, na malaria haisubiri. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Mjamzito naye asinywe.

Kama ameshanyweshwa, mwambieni daktari bila kuona haya. Anachotaka kujua ni mtoto kanywa nini, kiasi gani, na saa ngapi.