Simu na Mazoezi ya Mtoto Nyumbani

Mtindio wa ubongo hutokana na dhara lililoupata ubongo ungali mchanga. Dhara lenyewe haliongezeki. Ila misuli iliyokaza huachwa nyuma na mifupa inayorefuka. Kwa hiyo mazoezi hutakiwa kila siku, na mama akaaye Gerezani hawezi kila siku kumbeba mtoto hadi hospitali ya CCBRT, Msasani. Hapo programu ya simu yaweza kufaa: humkumbusha wakati, humwonyesha kwa filamu fupi namna ya kumketisha mtoto ili akifikie kikombe mwenyewe, na humpelekea mtaalamu picha za maendeleo. Lakini msuli huo ukivutwa ghafula hukaza zaidi. Kadiri ya nguvu ifaayo haionekani katika kioo cha simu. Hiyo mama hufunzwa na mtaalamu, mkono juu ya mkono.